Siku Rahabu Alipohamisha Kompyuta

Rahabu Mika amepanga chumba changu cha mbele, kinachotazama barabara ya Kifungilo. Namjua tangu akibebwa mgongoni na mama yake kwenye shamba la kabichi. Sasa ana vijana wawili aliowaajiri, Issa na Saumu, na kazi yao ni kutengeneza programu. Mimi niliishia darasa la saba, nasema nilivyoelewa: mkulima anaandika kwenye simu ana mboga kiasi gani, programu inampangia dereva aende shamba lipi. Ikikosea, karoti zinaozea shambani.

Kompyuta zao zilikuwa zimechoka. Mpya zilipopatikana, chama cha wakulima kilimwambia Rahabu waziwazi: hamieni hizo mpya, lakini malori yakikosa mpango siku ya kupakia, tunatafuta watu wengine. Na hakuwa na mteja mwingine. Angerudi Dar es Salaam kuomba kazi, na mama yake siku hizi haoni vizuri.

Basi akapanga. Yeye na Saumu wahame kwanza, Issa abaki kwenye kompyuta ya zamani mpaka wenzake watulie. Na kompyuta ya zamani ya mtu isifutwe mpaka mwenyewe aseme tayari. Wa kufuta alikuwa Mzee Sefania, fundi wa Muheza, kisha hizo za zamani azipeleke shule ya msingi. Lakini mawe yalianguka kwenye kona za kupanda kutoka Mombo, akachelewa, akafika siku yenyewe ya kupakia.

Asubuhi hiyo programu ilikuwa imeyapangia malori mawili shamba moja. Saumu akaona kosa, akalirekebisha kwenye kompyuta yake ya zamani, maana zile mpya zilikuwa bado hazijakubali kutuma kitu. Kabla hajatuma, mzee akamsimamia nyuma.

"Binti, tayari?"

Huku kwetu mtu mzima akikusubiri amesimama, humwambii bado. "Ndiyo, babu," akajibu, akidhani mzee atakunywa chai kwanza. Mzee akafuta palepale.

Naingia na chai, nakuta Saumu kaziba mdomo kwa mikono.

"Ulishatuma?" Rahabu akauliza.

"Dada, marekebisho yalikuwa humo humo."

"Si umesema tayari?"

"Babu alikuwa amesimama! Ningemwambiaje bado?"

"Hivyo hivyo," Issa akadakia. "Mimi mama mkwe akiniuliza kama nimeshiba, nasema bado."

"Issa, si sasa."

Mzee Sefania aliketi, kofia mkononi. "Wanangu, mimi nilisikia ndiyo."

Ya zamani ya Rahabu nayo ilikuwa imeshafutwa. Ilibaki ya Issa tu.

"Issa, inuka. Saumu, kaa. Uliandika asubuhi, utaandika tena."

"Nitakosea, dada."

"Kosea huku unaandika."

Nikasogea pembeni, nikamwomba Bwana kimoyomoyo. Alasiri ikaadhiniwa. Simu ikalia: Kristian, karani wa chama, yuko kwenye malori. "Rahabu, madereva wamewasha injini!"

Rahabu akaishusha simu sikioni. Alimtazama Saumu anavyokimbiza vidole, akamgeukia mzee, akapiga goti kidogo. "Babu, naomba umuulize tena kama tayari."

Mzee akashangaa, lakini akauliza. "Binti, tayari?"

Saumu akaendelea kuandika. "Bado, babu."

"Haya mwanangu. Nakaa."

Rahabu akampa Saumu simu. "Na huyu mjibu mwenyewe."

"Shikamoo baba. Bado. Tafadhali wasiondoke."

Kristian alifoka mpaka mimi nilimsikia. Saumu akaweka simu chini, akarudia kusoma alichoandika, akashtuka, akafuta mstari, akaandika mwingine. Kama angetuma kabla, malori yote yangekwenda shamba moja. Ndipo akasema taratibu, "Tayari." Akatuma.

Chai ikapoa. Simu ilipolia, Rahabu aliipokea kwa mikono miwili.

"Lori la pili limegeuza," Kristian akasema, sasa kwa sauti ya kibinadamu. "Linakwenda shambani kwa Zuberi. Kesho mnaendelea?"

"Tunaendelea, baba."

Rahabu akaketi sakafuni na gauni lake zuri. Mzee Sefania akaikaribia kompyuta ya Issa, akasita, akatuangalia mmoja mmoja.

"Na hii?"

"Bado, babu," wakajibu wote watatu.

Akacheka, akaniomba chai ya moto.