Ngozi ya Ndama wa Kanchi

Mume wangu Muhangi alikuwa anakula amesimama. Miaka sita ya ndoa, sahani mkononi, bega kwenye mlango, macho barabarani. Nikimwekea kigoda anakiruka. Wageni wakija anawakaribisha wakae, yeye mwenyewe anaizunguka nyumba kukagua boriti ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Mama mkwe alisema ni Keya hao, jeshi la Mwingereza, ni vita vya Hitla, askari wote wamerudi na miguu inayowasha. Nikasema hewala, itapoa. Haikupoa. Jumatatu yuko machungani, Jumatano amekwenda Omurushaka "kuona tu," Ijumaa unasikia ameonekana Kyerwa kwenye machimbo ya bati, na hakuna aliyemtuma. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika ndoa yangu, wala hakikuwa kikubwa. Nilitaka mwanamume huyu akae chini ndani ya nyumba yangu.

Siku aliyokuwa anatulia kidogo ni Jumapili, na sababu nilidhani naijua. Ilikuwa nguo. Nilipoolewa, mwaka wa arobaini na saba, nililetwa hapa Ihembe nimefunikwa, maana kwetu bibi harusi haoni njia wala haonekani uso. Wenzangu wote walifunikwa shuka. Mimi nilifunikwa hariri. Nyekundu iliyokolea, pindo la dhahabu upana wa kiganja, ndefu ya kumzungushia mtu mara tatu na nyingine ikabaki. Muhangi alitoka nayo India alikopelekwa na vita. Kila Jumapili aliniomba niivae kwenda misa, na nikiivaa, basi! Ananitazama. Ananyoosha mkono anashika pindo, analipapasa kwa vidole. Kanisani anakaa upande wa wanaume, shingo imegeukia kwetu mpaka katekista anakohoa. Nilijivuna, sitaficha. Nilijiambia, wiki nzima ni mtu wa barabara, lakini Jumapili ni mume wangu.

Basi Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na tatu, tumetoka misa, Muhangi keshakwenda kwa ng'ombe bila hata kunywa maji, akaingia mgeni uani. Mtu mnene, viatu vinang'aa, baiskeli mpya. Nikapiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia marahaba, akasema yeye ni Methodius, Mhaya wa Bukoba, alikuwa sajini wa Muhangi huko vitani Bama. Sasa ni karani wa wanunuzi wa kahawa, yuko njiani kwenda Bugomora. Nikamletea kahawa za kutafuna. Alichukua mbili, akaiona nguo niliyovaa, akaacha kutafuna.

"Kokugonza!" akasema, na macho yake yakajaa machozi ya furaha. "Shemeji Kokugonza! Jina lako nimelisikia porini Bama, nimelisikia kambini, usiku na mchana. Kumbe aliwahi!"

Mimi ni Pulkeria. Kokugonza nilimjua kwa kusikia tu: binti wa mzee Leonadi, ng'ambo ya bonde letu, aliyeolewa Bugomora na mtu aitwaye Tumwine kabla mimi sijaja hapa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa chochote kwa mume wangu. Kijiji kizima kilijua, kumbe, na kijiji kizima kikafunga mdomo. Nilitaka kumsahihisha yule mgeni. Kisha nikaona, hapana, ngoja kwanza. Nikamsogezea kahawa.

"Hebu nieleze, shemeji," nikasema. "Yeye mwenyewe hanielezi vizuri."

Akaeleza. Ilikuwa Januari ya mwaka wa arobaini na sita, vita vimekwisha, wao wako kambini nje ya Madras, huko India, wanangoja meli ya kuwarudisha. Meli ilikuwa iondoke kesho yake asubuhi. Wakubwa wakaona vijana wasikae bure siku ya mwisho, wakatoa lori liwapeleke mji wa Kanchi, kutembezwa kwenye mahekalu ya kale ya Wahindu na kwa wafumaji wa hariri. Kwenda alfajiri, kurudi saa kumi jioni, atakayechelewa shauri yake. Muhangi hakuwa na haja na mahekalu. Mfukoni alikuwa na barua ya mzee Leonadi, imeandikwa na katekista, inasema: nitakungoja hadi Pasaka, baada ya Pasaka binti yangu ana mtu mwingine. Alichotaka ni nguo ya kumfunika Kokugonza, kisha lori, kisha meli, kisha nyumbani.

Aliyewatembeza alikuwa mwalimu mzee wa mji ule, anasema Kiingereza, Methodius anageuza Kiswahili. Langoni mwa hekalu wakavua buti. Lango lenyewe ni mnara wa mawe, umechongwa watu na wanyama toka chini mpaka juu, ukiutazama shingo inauma. Uani mawe yanachoma, Keya wazima wanarukaruka. Wakaonyeshwa mnyororo wa jiwe, pete ndani ya pete, umechongwa kutoka mwamba mmoja bila kiungo hata kimoja. Kulikuwa na tembo wa hekalu anayeweka mkonga juu ya kichwa cha mtu kumbariki. Methodius alibarikiwa, akarudia tena, na mpaka leo hajamwambia padre.

"Na Muhangi?" nikauliza.

"Muhangi aliuliza saa."

Haya, nisikilizeni. Mtu anapelekwa kuona maajabu yaliyochongwa na watu waliokufa zamani za zamani, naye anauliza saa! Ningekuwa mimi, mpaka wanifukuze kwa fimbo.

Saa nane wakafika mtaa wa wafumaji. Nyuzi zimetandazwa kando ya njia toka nyumba hii hadi ile, rangi za kila namna. Wakaingizwa nyumba moja, mfumaji mzee amekaa ukingoni mwa shimo, miguu shimoni inakanyaga vijiti, mikono juu inarusha uzi. Kwenye kitanda chake cha kufumia kulikuwa na nyekundu ile. Muhangi akaishika akasema, "Hii." Ilikuwa imebaki kidogo tu kukamilika, upana wa vidole vinne. Mwalimu akasema wangoje, mzee amalizie.

Hapo ndipo Muhangi akasikia ng'ombe analia nyuma ya nyumba.

Watu wa kilimo, kama kwetu, tungesikia ng'ombe tu. Muhangi amezaliwa zizini. Methodius anasema alimwona anageuza kichwa, anasikiliza, uso unabadilika, na kabla hajamshika mkono, Muhangi alikuwa uani. Ng'ombe yule ndama wake alikufa jana yake. Kiwele kimevimba, kigumu, kinang'aa, naye amezuia maziwa, hagusiki. Mwalimu akaeleza kwamba nyumbani mle mna mjukuu mchanga aliyefiwa na mama, anaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Wafuga ng'ombe wa mji ule dawa yake wanaijua, akasema, ila mzee huyu ni mtu wa nyuzi, hajui lolote.

"Ngozi ya ndama iko wapi?" Muhangi akauliza.

Imechukuliwa na watu wa ngozi, mwisho wa mji.

"Muhangi," Methodius akamwambia, "ni saa tisa. Ng'ombe utawakuta kwenu."

"Sajini, kiwele kile ukikiacha hadi kesho kinaoza. Mimi siwezi kupita."

Akatoka mbio, pekupeku, buti kaziacha mlangoni. Aliporudi alikuwa na ngozi mbichi begani, nzi wanamfuata. Akaijaza majani makavu, akaipa miguu ya vijiti, akaipaka chumvi mgongoni, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Kisha akampigia mluzi, ule wa kwetu wa kukamulia, akaanza kumtajia sifa kwa Kinyambo chetu: mwenye pembe nzuri, mama wa wengi, uliyetoka mbali. Ng'ombe akanusa. Akanusa tena. Akatoa ulimi akailamba ile ngozi kuanzia shingo, taratibu, na maziwa yakashuka.

Mwalimu, anatazama, akauliza ngozi ikae hapo siku ngapi. Methodius akatafsiri. Muhangi akajibu bila kugeuka, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, mikono inakamua: "Mwambie ngozi inamdanganya ng'ombe tu. Siku mzee atakapoiondoa ndipo atajua kama ng'ombe anampa maziwa yeye mwenyewe."

Lori likapiga honi. Likapiga tena. Methodius akamvuta bega. Muhangi akasema akimwacha katikati atazuia upya, wacha nimalize chuchu mbili zilizobaki. Sajini ana watu thelathini na meli inawangoja, afanye nini? Akaondoka. Kitu cha mwisho alichoona ni mzee wa nyuzi anakata ile nyekundu kutoka kitandani, anaikunja, anamwekea Muhangi magotini, anakataa kulipwa.

"Meli ikatuchukua sisi, yeye akabaki," Methodius akamaliza, anafuta macho. "Miaka yote najilaumu. Kumbe mzee Leonadi aliongeza siku! Na nguo ndiyo hii! Namshukuru Mungu, Kokugonza."

Hakuongeza siku. Muhangi alifika Ihembe mwezi wa sita, mama mkwe hunitajia mwezi huo kila mwaka. Na Kokugonza, sasa nilikumbuka walivyosema watu, aliolewa wiki ile ya kwanza baada ya Pasaka, asubuhi yenye mvua.

Nilikaa pale nimeshika kikapu cha kahawa. Nilimwona Muhangi wangu wa Jumapili, anapapasa pindo kwa vidole, ananitazama na macho yaliyolegea. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa analamba ngozi. Mimi Pulkeria, niliyemzalia Egbert, niliyepalilia migomba yake, nilikuwa nimejazwa majani na kusimamishwa mbele yake kila wiki ili moyo wake utoe kidogo. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga Methodius na kikapu, maskini, naye hajafanya kosa.

Nikaingia ndani. Nikavua ile hariri, nikavaa gauni langu la pamba lenye kiraka kwenye kwapa. Nikaikunja nguo, nikaifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikatoka nikamkabidhi.

"Shemeji," nikamwambia, "Bugomora unakokwenda kuna mke wa Tumwine. Anaitwa Kokugonza. Hii ni yake. Mwambie imechelewa."

Aliondoka bila kupanda baiskeli, anaikokota.

Muhangi akarudi jua lingali juu. Alisimama mlangoni, kama kawaida yake, akanitazama gauni.

"Nguo iko wapi?"

"Nimeondoa ngozi," nikasema.

Mtu wa ng'ombe haelezwi mara mbili. Niliona neno linamwingia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kakwambia?"

"Methodius. Aliniita Kokugonza, nikaitika."

Alichukua fimbo yake, akashuka njia ya barabara kuu. Sikumwita. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumsindikiza hadi Bukoba, na hasira ikanitosha siku ile na kesho yake. Keshokutwa ikaisha, nikabaki na hofu. Egbert akauliza baba yuko wapi, nikamwambia kwa ng'ombe. Nikachota maji ambayo hayakuhitajika. Nikafagia ua uliofagiwa. Siku ya nne mchana nikajikuta nimesimama mlangoni, sahani mkononi, bega kwenye fremu, macho barabarani, nakula bila kujua nakula nini. Nilipojigundua nililia kwa aibu.

Ndipo nikamwona anapanda kilima. Vumbi mpaka magotini, fimbo begani. Kama alikwenda Bugomora au hakwenda, mpaka leo sijamuuliza, naye hajasema.

Alifika mlangoni, mimi nimeuziba. Tukasimama hivyo, watu wawili wasiojua kukaa. Akanitazama usoni. Si gauni, si kiraka. Usoni, kwa muda mrefu, mpaka nikataka kuficha machozi nikakosa pa kuyaficha. Siku zote alikuwa ananiita Mama Egbert.

"Pulkeria," akasema. "Nipe kigoda."

Nyumbani tulikuwa na vigoda vitatu. Nikampa kile chenye mguu mbovu, makusudi kabisa. Akakaa. Kikayumba, karibu kimwangushe. Akakaza miguu, akakaa vivyo hivyo, akaniomba chakula.