Kalunde Afungua Ua, Angoja Korongo

Saa mbili asubuhi, Kalunde Mutinda analivuta kando tawi la miiba. Pengo linafunguka kwenye ua. Ng'ombe wa kwanza ananusa, anasita, kisha anaingia. Kalunde anashika kiuno na kutazama juu. Mbingu ni tupu.

"Mwaka jana wakati kama huu walikuja," anasema. "Walizunguka tu, wakaenda zao. Sikulala."

Anaowangoja ni korongo, ndege weupe wenye mabawa yaliyochovywa weusi nchani, ambao hufika kutoka Ulaya mvua za vuli zinapoanza. Miaka mingi wameshuka kwenye kinamasi hiki nje ya Kitengela, wakila panzi mchana na kulala juu ya migunga.

Kalunde, mjane wa miaka 54, hugonga kokoto kwenye machimbo ya jirani. Debe moja humpa shilingi kumi na tano, na magoti yameanza kukataa. Alikuja kutoka Makueni mwaka wa 1991.

"Kule machimboni kuna vumbi na kelele tu," anasema. "Hapa ndio nilikuwa nakulia chakula ya mchana. Hao ndege wakanizoea."

Malori yalipoanza kumwaga vifusi kwenye kinamasi, yeye na wanawake wenzake walimwendea mwenye shamba hilo, Mzee Hiram Mureithi. Aliwaachia walitunze, mradi watoto wa shule waendelee kuja kutazama ndege kwa kiingilio anachopokea yeye. Wanawake wakapanda miche ya migunga, wakazungusha ua wa miiba. Malori yakakoma. Mbuzi wakafungiwa nje, na ng'ombe pia.

Hapo ndipo walipokosea. Nyasi zilirefuka hadi kifuani. Korongo walipofika mwaka jana, hawakuona pa kukanyaga.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake Naisianoi, mfugaji, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

"Kalunde, kwani ulifikiri wanakufuata wewe? Wanafuata ng'ombe! Ng'ombe akikula, panzi wanaruka, ndege anaokota. Umefungia mpishi nje, halafu unangoja wageni!"

Mzee Hiram hacheki. Wanunuzi wa viwanja wameshapiga hodi kwake.

"Mama, mimi sina ubaya na ndege," alimwambia Kalunde wiki iliyopita, mbele ya wenzake. "Lakini mvua hii ikiisha kabla hawajashuka, nauza."

Ndiyo maana leo Naisianoi ameleta mifugo yake. Nzilani, mmoja wa wanawake waliopanda miche, amesimama penye pengo na fimbo, akifukuza mbuzi wasiifikie miche.

Karibu adhuhuri, vitone vinatokea angani. Vinakuwa mabawa. Vinazunguka, vinazunguka tena.

"Shukeni, jamani," Kalunde ananong'ona. "Nimeshafungua."

Mmoja ananyoosha miguu na kutua nyuma ya ng'ombe mwekundu. Wa pili anamfuata. Wengine wangali juu.

"Hao wametumwa kuonja," Naisianoi anasema.

Nzilani anauliza kama akamwite Mzee Hiram.

"Bado," Kalunde anajibu. "Akikuta wawili, atasema ni wawili. Nataka aje akute kundi."

Mpango wake ni kuwaomba wafugaji wote wa jirani walete ng'ombe kila asubuhi hadi nyasi zikae chini. Naisianoi anatikisa kichwa: pengo hili halitoshi kundi kubwa, na likipanuliwa malori yatarudi kumwaga.

Kalunde anautazama ua, kisha barabara ya malori. Analishika tawi lingine, analivuta kando.

"Kokoto itangoja," anasema, na kuketi katikati ya pengo, palepale ambapo lori lingepita.