Taa Iliyoficha Balbu Yake

Mimi si mtu wa kugombana. Shuleni hapa Guangzhou mwalimu mgeni hudhani sijui Kichina, kumbe nakijua kuliko ninavyojua kusalimia watu. Lakini kwa Shangazi niliweka kinyongo, nikakilisha, kikanenepa.

Taa niliachiwa na bibi mmoja wa Denmaki, mteja wa Mama wa vitambaa pale soko la Zhongda. Alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja, aliileta mwenyewe hadi kwetu, mtaa wa Kangle, kaifunga kwenye shuka. Ilikuwa ya mama yake, imemzidi Mama yangu umri: mabakuli matatu ya bati jeupe yaliyofudikizwa, kubwa juu, la kati, dogo chini, yameshikwa na vijiti vyembamba vya shaba. Tukaitundika juu ya meza ya chakula. Bibi akaniambia nikae, niitafute balbu. Nikahama kiti hadi kiti, nikainama mpaka kidevu kikagusa meza. Sikuiona. Mwanga upo, balbu haipo.

Akanieleza kwamba aliyeibuni, mtu wa nchi yao yenye giza refu la baridi, aliichukia balbu tupu kama mtu anavyochukia kunyooshewa kidole. Alipima kila bakuli na kila kijiti mpaka hakuna aliyekaa mezani angechomwa macho. Nilimpenda mzee yule nisiyemjua. Mimi pia sipendi kutazamwa moja kwa moja. Chini ya taa ile, hata wageni wakija, niliweza kukaa mezani nikala nikashiba.

Ndipo Shangazi, dada yake Baba, akaja kutoka Dar. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka huko taa za ukumbi wa harusi. Akaitazama taa yangu, akaigonga kwa ukucha, akasema ni hiyohiyo anayoitafuta. Hapa ndivyo tunavyofanya kazi: humwelezi mwenye karakana unachotaka, unampelekea sampuli, anakutolea nakala mia. Aliahidi mbele ya Mama kwamba siku ya tatu itarudi nzima kama ilivyo. Mama akaitikia. Mimi nilinyamaza, na kwetu mtoto akinyamaza mbele ya mkubwa basi amekubali.

Wiki mbili baadaye akanichukua nikamtafsirie karakanani, nje ya mji. Taa yangu niliikuta juu ya benchi. Rangi imekwanguliwa, na bakuli kubwa limepasuliwa katikati kwa msumeno ili wapime unene wa bati.

"Shangazi," nikasema kwa sauti ndogo, "taa yangu."

"Kwani taa ndiyo iliyokuzaa?" Akacheka. "Nitakupa moja katika hizo mpya. Wewe tafsiri tu, usiongeze lako."

Laoban, yaani mwenye karakana, alikuwa mama mmoja mwenye miwani kichwani. Akatoa nakala yake. Akasema vijiti amevifupisha kidogo ili boksi liwe dogo, kontena lichukue taa nyingi zaidi; je, mteja anaridhika? Nikatafsiri neno kwa neno. Shangazi akatabasamu hadi magego. Mwambie mfanyabiashara wa kwetu kwamba amepata nafasi kwenye kontena, hatakuuliza swali la pili.

Mimi nilishaona. Vijiti vikifupika, bakuli la chini linapanda, balbu inabaki imetokeza kama ulimi. Lakini ulikuwa mchana, mlango wa karakana wazi, jua limejaa mpaka ndani, na hakuna aliyewasha. Shangazi akaipima uzito mkononi, akapiga picha, akatia saini ya kukubali kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya nakala ile. Swichi ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikalitazama bakuli langu lililopasuliwa, nikatia mikono mifukoni.

Kontena lile nililisubiri kuliko Idi. Nyumbani tulikuwa tunakula chini ya balbu tupu, na kila iliponichoma nilihesabu kwamba zamu ya Shangazi inakuja.

Video ilifika kwenye simu ya Mama. Harusi ya kwanza chini ya taa mpya: bibi harusi kajikinga uso kwa kiganja kama mtu anayefukuza ndege shambani, na mshereheshaji anauliza kama wamealikwa harusini au wameitwa kituoni kuhojiwa. Niliirudia chooni, mlango nimefunga, nikicheka bila sauti.

Shangazi akarudi anawaka. Tukaenda tena karakanani, akafoka hadi kanga ikamwanguka begani, nami nikatafsiri yote. Laoban hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na ile nakala yenye saini, akaichomeka kwenye umeme. Tukafumba macho wote watatu. Akasema sentensi moja. Niliitafsiri kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, mafundi wakageuka.

"Anasema ndiyo hii uliyoikubali."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Shangazi. Uliniambia nisiongeze langu."

Nilimwomba laoban vipande vya taa yangu, akanitilia kwenye boksi, hata vijiti vyake virefu vilikuwemo.

Kwenye basi nilikaa dirishani, boksi mapajani. Jua la alasiri likapita mbele yangu, likamfikia Shangazi machoni, akawa anakunja uso, anageuka huku na huku. Pazia lilikuwa upande wangu. Mzee wa Denmaki, aliyeibuni taa, angelivuta. Mimi sikulivuta.