Tairi Zilizomuuma Shangazi

Juzi pale Makupa lori lilikwama matopeni, tairi zikazunguka bure. Utingo akapiga kelele, "Haziumi!" Nikajikuta nalamba mdomo.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa fundi wa magari Bondeni, na dadake, Shangazi Zuhura, ndiye aliyeendesha gari lake la mashindano. Katika mbio moja tairi za nyuma ziliteleza, gari likaenda upande, likakwangua ukuta. Alasiri ya mbio zilizofuata baba alikuwa ametia springi laini nyuma, ili gari liking'oka lizame na uzito wote ulalie tairi.

"Leo zitauma," alimwambia shangazi. Mimi nikaficha vidole kwapani.

Bendera ikashuka. Harufu ya mpira ulioungua ikanikaba koo. Gari likachutama, pua ikainuka, likachomoka. Halikuyumba.

Shangazi alirudi, akashuka polepole, damu ikimchuruzika mdomoni.

"Zimeuma?"

"Zimeuma, kaka."

Nikavua ndara, nikazichapa zile tairi huku nalia, mpaka baba akanibeba.

Nilikuwa mkubwa nilipojua kwamba tairi ziliuma lami tu. Mdomo ule shangazi aliuuma mwenyewe, tangu bendera iliposhuka mpaka mwisho wa barabara.