Mkono Kooni

Kabla ya kunyongwa sikujua sauti inatoka wapi. Nilikuwa nayo tu, tena nyingi: wateja wangu wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, hapa mtaani Nguba walinisikia kabla ya kuniona, na mume wangu alizoea kusema mdomo wangu hauna likizo. Asubuhi moja, nikienda kuchukua samaki, kijana mrefu alinirukia kutoka nyuma ya ukuta, akanibana koo kwa mikono miwili mpaka kitu kikalia humo ndani kama kijiti kikavu. Akaenda na simu yangu. Sauti aliiharibu bure, na kwa hilo nilimchukia zaidi.

Daktari alinipitishia puani mpira mwembamba wenye taa, akanionyesha kwenye skrini nyuzi mbili nyeupe ndani ya koo. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hukutana na kutetemeka, ndiyo sauti; ulimi, meno na midomo huikata iwe maneno. Uzi wangu mmoja ulihangaika peke yake. Mwingine ulilala tu.

“Kunong’ona utaweza, maman,” akasema. “Ile iko pumzi tu.”

Siku chache baadaye vijana wa mtaa walikamata mtu. Walimburuta mchana kweupe mpaka mlangoni kwangu, uso umevimba.

“Maman, iko yeye?”

Hakuwa yeye. Huyu alikuwa mfupi, mwenye mvi. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Nikashika koo kuwaonyesha kwamba siwezi kusema.

Wao wakaelewa kwamba naonyesha alivyoninyonga.

“Iko yeye! Mulete esanse!” Petroli, wamchome.

Jiwe likampiga mdomoni, meno yakaanguka vumbini. Tairi likaja likibingirishwa. Nilitikisa kichwa, lakini nani anaangalia kichwa cha mwanamke anayelia? Nilikuwa na hasira ya kuua mtu, na niliotaka kuwaua ni hao waliokuja kunitetea.

Nikaingia jikoni, nikatoka na sufuria na mwiko. Kwetu sufuria likigongwa, majambazi wako nyumbani kwa mtu, na kila mmoja hugonga lake akitoka kusaidia. Niligonga mpaka likabonyea. Majirani wakaitikia nyumba kwa nyumba. Vijana wakaacha kupiga, wakageuka kutafuta hatari iko wapi. Jirani yangu, mama mwenye mapafu ya kuamsha mtaa, akaja mbio. Nilimvuta shingo nikamnong’oneza sikioni.

“Anasema haiko yeye!” akapaza sauti. “Mumuache! Haiko yeye!”

Wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba radhi.

Nilimpa yule mzee maji, akasukutua damu.

“Aksanti, maman,” alijaribu kusema, lakini bila meno ya mbele neno lilitoka upepo. Nikafungua mdomo nimjibu, kwangu pia ukatoka upepo.

Kesho yake wale vijana walipita wakanisalimia kwa sauti kubwa, nzuri, meno yao yote yamo kinywani.