Picha ya Baba Mbele ya Hospitali

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Rumonge, Burundi. Babu yake alikuja kwa mashua kutoka Ujiji, akaoa huku, na sisi tukawa watu wa mtaa wa nyuma ya soko. Nusu ya kanzu zilizovaliwa Idi katika mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Hakuwa na maneno mengi, lakini kwenye mavazi hakutaka mchezo. Hata akienda dukani kununua sukari alifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mimi ni binti yake, nimezaliwa na kukulia katika nyumba yake, na sikuwahi kumwona kifua wazi mpaka alipougua.

Aliugua utumbo. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilimhamishia kwangu. Nina Carina ya zamani ninayochukulia mawese Kigwena, na gari hilo likawa la kumpeleka hospitali na kumrudisha.

Wakati huo kampuni moja ya watu binafsi ilikuwa imepewa kazi ya kusimamia parkingi za mjini: sokoni, bandarini, na ule uwanja mdogo mbele ya hospitali. Wafanyakazi wao walivaa gile, vile vizibao visivyo na mikono, za rangi ya machungwa. Mwanzoni walituandikisha sisi wenye magari na pikipiki, wakachukua majina, plaki, yaani namba za magari, na namba za simu. Hakuna aliyeuliza za nini. Baadaye tukajikuta wote tumeingizwa kwenye kundi moja la WhatsApp, na kila aliyeegesha bila tiketi picha ya gari lake ilitupwa humo, watu wamwone. Wengi walicheka. Hata mimi nilikuwa nikizitazama.

Asubuhi moja baba alianza kutoka damu. Nilimfunga kitenge kiunoni, nikachukua na kingine, nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha mpaka hospitali. Nilipofungua mlango nikakuta damu imepenya kanzu yote. Hakutaka kuingia ndani vile. Akaniambia polepole, "Mama, nivue hii. Nifunike na kile kitenge kingine." Basi nilimvua palepale, mlango wazi, yeye ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Muuguzi mmoja alikuja na kiti cha magurudumu, tukamwingiza. Habari ya tiketi haikunipitia kichwani kabisa.

Jioni, baba akiwa amewekewa maji, simu yangu ililia. Lilikuwa ni kundi la parkingi. Picha ilionyesha Carina yangu, plaki ikisomeka vizuri, na nyuma ya mlango ulio wazi baba yangu, mgongo na mapaja nje, mimi nimeinama mbele yake. Chini waliandika jina langu na kwamba sijalipa.

Niliizima simu nikaiweka chini ya mto wa baba. Sijui kwa nini niliiweka pale.

Nilitumaini hataijua. Lakini mji wetu ni mdogo, na alipotoka hospitali, jirani mmoja mwenye nia njema kabisa alikuja kumpa pole kwa "aibu ile waliyokufanyia". Baba alimshukuru. Jirani alipoondoka, baba aliniomba simu.

"Nionyeshe."

"Baba, achana nayo."

"Nionyeshe, mama."

Aliitazama kwa muda mrefu, ameisogeza karibu na macho. Kisha akanirudishia. "Mimi nimewavalisha watu wa mji huu," alisema. Ijumaa iliyofuata hakwenda msikitini, ingawa alikuwa na nguvu za kutosha, na iliyofuata tena hakwenda. Wageni wakija aliomba niwaambie amelala.

Nilikwenda kwenye biro, ofisi ya kampuni. Shefu wao, yule mkubwa wa kazi, alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, akanipa kiti.

"Mama, uliegesha bila tiketi. Ile foto ni ushahidi."

"Amandi nitalipa," nilimwambia. "Sikuja kwa ajili ya amandi. Nataka muiondoe picha ya baba yangu."

"Sisi hatukupiga foto ya baba yako. Tulipiga gari. Yeye iko tu ndani ya gari."

Nililipa ile faini mbele yake nikiamini kwamba hilo litamaliza jambo. Picha haikutoka.

Kuna binti tuliyekua naye mtaa mmoja, siku hizi ni avoka, wakili wa mahakamani, Bujumbura. Nilimpigia simu. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipomaliza.

"Dada, kuna nchi ambako wenye magari wanazishitaki kampuni za parkingi kwa sheria ya kulinda taarifa za watu. Kwetu mambo hayo bado ni machanga. Lakini katiba inalinda maisha ya mtu ya ndani, na hilo jaji analielewa. Tuanze kwa kuwauliza kwa maandishi: wana nini juu yako, wamekipata wapi, wanakitumia kwa kazi gani, na nani wamempa. Kisha tudai wafute."

"Wakikataa?"

"Tutakwenda mahakamani. Ila usiende peke yako. Tafuta wengine."

Kuwatafuta hakukuwa kazi ngumu. Wa kwanza alikuwa Mukongomani mmoja anayebeba ndagala, dagaa wa ziwani, kwa pikapu kupitia Muhuta mpaka Bujumbura; alisema tangu namba yake iingie kwenye lile kundi, watu asiowajua humpigia simu kumwomba pesa. Wa pili alinishangaza. Alikuwa mwenye teksi wa Nyanza-Lac, mtu aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na kukuta shamba la wazazi wake limekaliwa na ndugu. Kesi ilikuwa bado inaendelea. Alikuwa akilala Rumonge kwa kuwaogopa, na picha ya gari lake ndiyo iliyowaambia ndugu hao mahali alipo. Walimfuata wakamvunjia kioo. Alinisimulia hayo ameketi kwenye boneti, akitazama huku na huku.

Hao walileta wengine. Wenye pikipiki walikuja baada ya kujadiliana sana, maana waliogopa kufukuzwa bandarini. Avoka wetu aliandika, sote tukatia sahihi. Kampuni ilikaa kimya, akaandika tena, na safari hii akataja mahakama. Ndipo wakatuita.

Tulikaa kwenye biro ileile, wengine wamesimama mlangoni. Shefu alianza na habari za usafi wa mji na watu wasiotaka kulipa. Avoka alimwacha amalize.

"Hakuna anayekataa kulipa hapa," alisema. "Tunauliza swali moja. Ili umdai mtu tiketi, kwa nini watu mia wamwone?"

Shefu alisema ndivyo kazi inavyofanyika.

Mwenye teksi akamwuliza, "Na kile kioo changu, ni kazi pia?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini nilipopewa nafasi niliweza kusema tu kwamba baba hatoki nje. Yule mfanyakazi aliyepiga picha alikuwepo, dada mmoja amesimama karibu na dirisha. Alivua gile yake akaikunja, akaishika mikononi. "Niliambiwa plaki ionekane," alisema. "Sikuangalia mengine. Munisamehe, mama."

Walikubali. Kundi lilifungwa, picha zikafutwa mbele yetu kwenye simu zao na kwenye kompyuta, na tangu siku ile wanapiga plaki peke yake na kumtumia mwenyewe. Mwenye teksi hakulipwa kioo chake. Alirudi Nyanza-Lac na kesi yake, na sijasikia imeishaje.

Nilirudi nyumbani kumwambia baba.

"Imefutwa?"

"Kwao imefutwa, baba."

Alielewa maana ya "kwao". Akageukia ukuta.

Jumapili, baada ya misa yao, yule Mukongomani alibisha hodi. Nilimwambia mzee amelala. Alisema atangoja, akaketi kwenye mkeka wa sebuleni na viatu vyake pembeni. Baada ya muda baba mwenyewe alitoka chumbani, amevaa, amejishika ukutani.

"Amahoro, mzee," mgeni alimwamkia akisimama. "Ile foto ilibaki katika simu yangu. Sitaki kuifuta nikiwa peke yangu." Alimwonyesha, akaifuta, akampa simu aikague. Baba hajui kukagua simu, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaishika kidogo, akairudisha.

"Murakoze," alimshukuru. "Kaa unywe chai."

Wiki ile walikuja wengine, wenye pikipiki wawili, kisha mwenye duka la jirani, kisha watu ambao sikujua kama waliwahi kuwa nayo. Si wote waliokuwa nayo walikuja. Baba aliwapokea mmoja mmoja. Ijumaa aliniomba nimpeleke msikitini, nikamngojea garini mpaka alipotoka.

Alifariki mvua zilipoanza, nyumbani, alfajiri. Waliomwosha walikuwa wazee wenzake watatu. Walifunga mlango, na mimi niliketi nje na wanawake nikisikia maji yakimwagwa taratibu.