Ng'ombe wa Mwalimu Lameck Walioko Bahi

Ukimwona Shamila akishuka kwenye bodaboda asubuhi pale Majengo, mkoba kwapani na mtandio umemkaa upande, utadhani ni muuza vitenge anayewahi kufungua duka. Hutakuwa umekosea sana, maana baba yake, mzee Abdulnasiri, aliuza vitenge sokoni hapohapo Dodoma mpaka macho yalipomgomea. Lakini binti huyu kazi yake ni kushauri watu juu ya fedha zao, tena wastaafu, na kama kuna watu wagumu kushaurika chini ya jua hili, basi ni hao.

Alisomea mambo ya fedha chuoni Chimwaga, akaajiriwa benki, akawekwa dawati la mikopo. Kazi aliiweza, tena aliiweza mno. Meneja alimsifu mbele ya wenzake kwa jinsi alivyowasainisha walimu na manesi mikopo ambayo hata hawakuiomba. Siku moja akiwa anapita akamsikia mama mmoja akimuuliza mwenziwe kwenye foleni, eti ile karatasi aliyosaini jana ilikuwa ya nini. Sifa zote zikamtumbukia nyongo. Hakugombana na mtu. Aliacha kazi, akapanga chumba kimoja jirani na fundi cherehani, akatundika kibao chake. Mama yake alilia kama kuna msiba, maana jamani, nani anaacha benki kwa hiari yake?

Sharti la Shamila lilikuwa moja, na lilimfukuzia wateja wengi. Kwake husaini kitu mpaka uje na mtu wa nyumbani kwako, naye aelezwe mpaka aelewe. Asipoelewa, mnarudi nyumbani, mnakuja siku nyingine. Wazee walinuna. Wapo waliomwambia waziwazi kwamba hawakuitumikia serikali miaka yote hiyo ili uzeeni waje kuomba ruhusa kwa wake zao. Yeye huwajibu kwa upole kwamba fedha ni zao kweli, ila wao wakianguka, atakayelala njaa ni mwingine.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni Mwalimu Lameck wa Mvumi, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Alikuja na mkewe, Mama Lea. Mama Lea akaelezwa kwa Kiswahili habari za hati fungani, yaani kuikopesha serikali fedha ikurudishie na riba, mumewe akamweleza tena kwa Kigogo, akauliza maswali yake, akaridhika. Kiinua mgongo kikaenda huko. Kila kitu kilikuwa shwari mpaka mama alipotoka kwenda kununua chumvi, ndipo mzee akakohoa na kusema kwamba ana ng'ombe pia, wako Bahi, kwa rafiki yake.

Hilo si jambo geni kwa Wagogo. Mtu hafugi mifugo yake yote zizini kwake. Wengine anawaweka kwa rafiki wa mbali, rafiki anakamua maziwa na kuchunga, ili ukame au ugonjwa ukipita kwako usikuache mikono mitupu. Shamila alilijua. Kilichomshtua ni kwamba Mama Lea hakuwa na habari nao hata chembe. Rafiki ni nani, mzee hakusema. Ng'ombe ni wangapi, hakusema. Mwalimu wa hesabu mzima, lakini kuhesabu ng'ombe mbele ya watu hataki. Baba yake alifanya vivyo hivyo, naye haoni kosa liko wapi.

Shamila akashauri aandikishiane na huyo rafiki. Weee, mzee alikuja juu.

"Binti, ng'ombe wa rafiki haandikwi," alisema. "Nikimpelekea karatasi, nimemwambia yeye ni mwizi."

Hapo ndipo Shamila alipojua kwamba mambo ya darasani yamefika mwisho.

"Basi usiandike, Mwalimu. Mchukue mama, akawaone kwa macho yake."

Mzee alinung'unika kwamba ataangalia. Ukisikia mzee wa Kigogo anasema ataangalia, usikae mlangoni kusubiri.

Mvua zilipokatika, simu ikaja. Mwalimu ameanguka, kiharusi, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Bima ingelipa kitanda na dawa, sawa, lakini Mama Lea angekula nini, na nauli za kumpeleka mzee mazoezi ya viungo miezi yote hiyo angezitoa wapi? Akaunti ilikuwa kwa jina la mzee peke yake, na mzee hawezi hata kushika kalamu. Waliobaki ni ng'ombe wa Bahi, nao mwenye kuwajua hasemi tena. Huyo rafiki akiamua kukaa kimya, nani atamdai? Bahi ina wafugaji wangapi, uanzie kwa nani?

Alipanda gari la Mvumi akijilaumu njia nzima. Angemshikilia mzee zaidi. Angemwambia mama mwenyewe, lakini ile ni siri ya mteja. Alipofika hospitali alikuwa bado hajui ataanzaje.

Mama Lea alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, na pembeni yake amekaa mzee mmoja mrefu, amejifunga shuka lubega, miguu imejaa vumbi. Shamila akawaamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha shikamoo. Mama akaitikia na kumwonyesha mgeni kwa kidevu.

"Huyu ni Marko," alisema. "Wa Bahi. Ndiye ana ng'ombe wetu."

Wetu. Shamila alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Marko alikuwa amesikia habari, akapeleka dume mnadani, akaleta fedha zote mkononi mwa Mama Lea bila kuitwa wala kuombwa. Kumbe mzee aliangalia kweli. Kabla mvua hazijakatika alimwambia mkewe avae, waende Bahi, bila kusema wanafuata nini.

"Wewe mwanangu hujui," Mama Lea alisema. "Mwaka kwa mwaka baba huyu anakwenda Bahi, anarudi amefurahi, haniambii kitu. Mimi nilijua ana mwanamke kule. Siku aliponiambia twende, nikasema leo ananipeleka kwa mke mwenzangu. Nikavaa nguo ya kanisani, ili huyo mwanamke anione vizuri."

Marko akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Kutoka ndani ya wodi ikasikika sauti ya Mwalimu, nzito na iliyopinda, lakini ni kicheko kweli.

"Tukafika," Mama Lea aliendelea, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Baba huyu akafungua zizi, akaniambia, hawa ng'ombe ni wako. Nikamuuliza, na mke mwenzangu yuko wapi?"

Shamila alicheka mpaka akalia, na hakujali nani anamwangalia.